Fundi Aliyekwenda Kuona Sokwe

Ambrosi Lugembe alikuwa fundi cherehani, na kwa jinsi sisi watu wa Tabora tulivyomjua, safari ndefu kuliko zote aliyowahi kuifanya kwa miguu yake ilikuwa ya kutoka Kwihara alikozaliwa hadi mtaa wa Gongoni, alikoweka cherehani yake barazani kwa duka la Mhindi mmoja. Hiyo ni safari ambayo kina mama huifanya na mtoto mgongoni na kikapu cha viazi kichwani, kisha wakarudi kupika. Lakini ukimsikiliza Ambrosi akizungumza, ungedhani ameiona Bagamoyo mara nyingi kuliko alivyoliona gari moshi.

Aliyeiona Bagamoyo ni babu yake, mzee Mahona, ambaye zamani za misafara alibeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji hadi pwani. Hilo halikuwa na ubishi. Nusu ya babu zetu walibeba kitu fulani kwenda pwani. Tofauti ni kwamba babu zetu wengine walishatua mizigo yao na kufa, ila Mahona aliendelea kubeba, na pembe yake ikawa inaongezeka uzito kila mwaka. Vita ya Hitla ilipoanza, pembe ile ilikuwa ya kubebwa na mtu mmoja mwenye nguvu. Vita ilipokwisha, ilikuwa imefikia kiasi cha kuhitaji lori.

Wateja walisikiliza kwa sababu suruali zao zilikuwa mikononi mwake. Twalibu, aliyeuza kahawa pale barazani, alisikiliza kwa sababu watu wanaosimuliwa hunywa sana. Na kila simulizi ilikuwa na mwisho uleule: Ambrosi aliweka mkono juu ya cherehani, akatikisa kichwa kwa huzuni, na kusema kwamba lau si mashine ile, yeye naye angekuwa njiani. Ukiitazama cherehani ya watu, ilikuwa imekaa kimya bila kumshika mtu.

Basi siku moja akaja Mzungu mmoja kushonesha kaptula. Huyu alikuwa na kazi fulani bomani ambayo hakuna aliyeielewa vizuri, pengine hata yeye. Watu walimwita Bwana Miguu, maana alikuwa mrefu sana na kaptula zake zilikuwa fupi sana. Wakati anapimwa, Ambrosi alimsimulia habari za Mahona kwa ukamilifu wake. Bwana Miguu alifurahi kupita kiasi. Alisema kwamba vitabuni amesoma Wanyamwezi ndio wapagazi hodari kuliko wote, kwamba kutembea ni jambo lililo ndani ya damu yao, na kwamba yeye mwenyewe karibu anachukua likizo, naye anakusudia kwenda milima ya Kungwe, kule ziwani kusini ya Kigoma, apande hadi kileleni na kuwaona sokwe. Kilichopungua ni mnyapara wa msafara, Mnyamwezi halisi. Je, Ambrosi angependa?

Ambrosi alikuwa amepiga magoti akipima urefu wa paja, na mdomoni alikuwa na pini. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kukataa haraka. Bwana Miguu akauchukua ukimya ule kuwa ni ridhaa, akampiga bega, akaenda zake. Mpaka Ambrosi anamaliza kutoa pini, Twalibu alikuwa ameshaieneza habari hadi stesheni.

Nyumbani, mkewe Veneranda alisikiliza yote huku akichambua mchele. Veneranda alikuwa mwanamke wa vitendo; hakuwa amewahi kutamani kitu kisichoweza kupikwa, kuvaliwa au kupandwa. Aliuliza swali moja tu: huko mlimani wanakwenda kuchukua nini? Ambrosi akajibu kwamba hawaendi kuchukua kitu. Wanakwenda kupanda, kutazama, na kushuka. Veneranda akafikiri kidogo, akasema basi avae viatu vya kanisani, ili kama atafia huko aonekane mtu wa maana.

Siku ya kuondoka, mtaa mzima ulimsindikiza. Alipanda daraja la tatu, Bwana Miguu la kwanza, na gari moshi likaondoka kuelekea magharibi. Usoke Ambrosi alichungulia dirishani akawaeleza abiria wenzake kwamba babu yake alipita hapahapa. Urambo akawaeleza hivyohivyo. Walipofika Malagarasi wale abiria walikuwa wamehamia behewa jingine, isipokuwa bibi mmoja kiziwi aliyekuwa na kuku, na huyo akafika Kigoma akiwa amesimuliwa habari zote za Mahona pasipo kudhurika.

Kutoka Kigoma walipanda meli ya Liemba hadi pwani ya Kungwe. Hapo ndipo Ambrosi alipouona mlima kwa mara ya kwanza. Sisi Tabora tuna vilima, tunaviheshimu, lakini ni vilima vyenye adabu: unaona vinapoanzia na vinapoishia. Huu ulipanda kutoka majini moja kwa moja, ukiwa na msitu mweusi kifuani, na kichwa chake kilikuwa ndani ya mawingu. Ambrosi aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kuna njia ya kuzunguka.

Aliyeulizwa ni Omari, Mtongwe wa kijiji cha pale, ambaye Bwana Miguu alimwajiri awaongoze pamoja na vijana wa kubeba mizigo. Omari alikuwa mtu wa makamo, mvuta tumbaku, asiyependa maneno mengi. Alijibu kwamba ukizunguka unarudi palepale. Kisha akauliza mnyapara atabeba nini. Bwana Miguu alikuwa ameshaamua: kwa heshima ya babu yake, Ambrosi angebeba kiti cha kukunja cha Bwana pamoja na mwavuli. Omari alikitazama kiti, akautazama mwavuli, akavitazama vile viatu vya kanisani, akawasha kiko chake.

Walianza kupanda asubuhi. Omari alisema mvua haitanyesha, ikanyesha. Mizizi ilitambaa njiani kama kamba zilizotegwa makusudi, na mwanzi ulipoanza, ardhi ikawa utelezi mtupu. Vijana wa Kitongwe walipita na masanduku kichwani wakipiga soga za harusi fulani. Bwana Miguu aliruka mawe kama mbuzi, mara kwa mara akigeuka nyuma na kupaaza sauti kwamba hewa ni nzuri. Ambrosi hakuwa na ushahidi wa hewa hiyo, maana yeye alikuwa hana ya kuvuta. Alijaribu kuimba, kama alivyozoea kusimulia kwamba Mahona aliimba njia nzima chini ya pembe, akafika mstari wa pili, akaona kwamba ama babu yake alikuwa na mapafu ya ng'ombe, ama alikuwa mwongo.

Hili la pili ndilo lililomsumbua. Alikuwa bado analifikiria alipokanyaga mzizi. Viatu vya kanisani vilikwenda upande mmoja, Ambrosi upande mwingine, na kifundo cha mguu kikateguka.

Bwana Miguu aliushika mguu, akauminya sehemu zote zinazouma, akatangaza kwamba haukuvunjika. Kileleni palikuwa si mbali tena. Akaamua kwamba msafara utaendelea, na Ambrosi angoje hapo kando ya kijito mpaka watakaporudi. Kwa wema wake akamfungulia kile kiti, akamwachia mkebe wa biskuti na mwavuli. Halafu wakaondoka, na sauti zao zikamezwa na msitu.

Mjukuu wa Mahona akabaki amekaa kitini chini ya mtini mkubwa, mwavuli wazi juu ya kichwa, kiatu kimoja mguuni na kingine mapajani. Alikuwa ametafuna biskuti na kusali Salamu Maria kwa zamu kwa kitambo kizuri wakati matawi yalipotikisika.

Sokwe walikuja kula tini. Hawakuja kwa vishindo wala kwa kelele; walikuja kama watu wanaokuja sokoni, mmoja mmoja, kila mmoja na hamsini zake. Dume mmoja mzee mwenye upara alikaa kwenye mzizi, akampa Ambrosi kisogo, akaanza kujikuna mbavu. Mama mmoja akakaa karibu zaidi, mtoto kamng'ang'ania chini ya tumbo. Alikuwa anachuma tini, anazitafuna, anatema maganda, na kila akitema yule mtoto ananyoosha mkono kuyadaka. Mara mtoto akamwachia mama, akatambaa hadi pembeni mwa kijito, akamtazama Ambrosi. Akautazama mwavuli. Akapanga midomo yake kama anayetaka kupuliza moto. Mama hakugeuka hata kidogo. Alinyoosha mkono nyuma, akamkamata mguu, akamvuta, akamfuta mdomo kwa mgongo wa kiganja, akaendelea kula.

Ambrosi alikuwa ameishia katikati ya sala na hakukumbuka tena alikuwa wapi. Hofu ilikuwa imemshika tangu mwanzo, lakini ilikuwa imekaa pembeni, kama mgeni aliyeona hapewi chai. Hakuwahi katika maisha yake kukaa na viumbe kwa muda mrefu namna ile bila kuwaambia neno. Yule dume aligeuka mara moja tu, akamkagua juu hadi chini, kiti na mwavuli pamoja, akarudi kwenye mbavu zake. Walipokwisha kushiba waliondoka walivyokuja. Pakabaki maganda.

Bwana Miguu alirudi ameloa chapachapa, magoti yamechubuka. Kileleni alikuta ukungu. Alisema ulikuwa ukungu mzuri sana. Ziwa hakuliona, sokwe hakuwaona, kisha akauliza mguu unaendeleaje. Ambrosi akamwambia alichokiona.

Sasa huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwongezea babu yake mzigo bila haya, na siku ile, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, alisimulia jambo lilivyokuwa pasipo kuongeza hata kilo moja. Bwana Miguu akauliza kama dume alipiga kifua. Hapana. Alitoa meno? Hapana, alijikuna. Walipiga mayowe, walivunja miti? Walikula tini, Bwana. Bwana Miguu akatabasamu kama anavyotabasamiwa mtoto anayesema ameongea na malaika, akamwambia ni simulizi nzuri, lakini ya babu ilikuwa bora.

Omari alikwenda hadi kwenye kijito, akainama, akaokota maganda yaliyotafunwa, akaja akayaweka kiganjani mwa Bwana. "Walikuwapo," akasema. "Wengi."

Lile tabasamu likaondoka. Bwana Miguu aliyatazama maganda yale kwa muda, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kawaida, aliyechoka, mwenye umri wake. Tangu utotoni kwao alikuwa akisoma habari za wanyama hawa. Alivuka bahari, akapanda mlima, akawapita njiani. Hatimaye akasema:

"Ulikaa kwenye kiti changu."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayejaribu kujua mahali alipokosea hesabu.

Kushuka kukawa na shida yake. Mguu wa Ambrosi ulikuwa umevimba kama kiazi, haukanyagiki. Vijana wakakata miti miwili, wakakifunga kiti kwa kamba, ikawa machela. Ambrosi akapandishwa. Penye mteremko mkali kijana mmoja akateleza, akaumia mkono, na hapakuwa na bega la ziada. Ndipo Bwana Miguu, pasipo kuombwa, akavua mkoba wake, akaingia chini ya mti wa mbele. Mvua ilikuwa inanyesha tena. Ambrosi, huko juu, aliona ni utovu wa adabu kujikinga peke yake, akaunyoosha mwavuli mbele umfunike na Bwana. Haukufika. Ukawa unamwaga maji yote ya mvua shingoni mwa Bwana, naye akawa anashukuru.

Ambrosi alikusudia kuizika sehemu hiyo mlimani. Lakini Bwana Miguu aliporejea Tabora aliisimulia mwenyewe kwa wenzake akicheka hadi machozi, na mahali Wazungu wanapocheka pana watu wanaopanga glasi. Kabla mguu haujapona mji mzima ulikuwa unajua kwamba mjukuu wa Mahona amebebwa na Mzungu. Twalibu akampa jina: Pembe. Likakaa. Watu wakawa wanaulizana suruali hii kashona nani, na jibu ni fundi Pembe. Wengine walipita barazani kwa heshima kubwa wakimuuliza siku hizi ana uzito gani.

Kicheko hicho alikivumilia, alijua amekichuma. Kilichomuuma ni sokwe. Watu walikuja kusikiliza, wakanunua kahawa, wakakaa mkao wa kula, naye akawasimulia yule mama na maganda ya tini. Wakangoja. Halafu? Halafu akamfuta mtoto mdomo. Halafu? Halafu wakaondoka. Twalibu, kwa upole, kama daktari, alimshauri aingize chui. Hata mdogo. Ambrosi akakataa, na biashara ya kahawa ikashuka mwezi ule wote.

Habari za Mahona nazo hakuzisimulia tena. Si kwamba alimchukia babu yake. Ila sasa alikuwa ameupanda mlima na kiti cha kukunja, na kila alipotaka kuongeza uzito kwenye ile pembe, mabega yalikuwa yanamkatalia.

Aliyeuliza swali la maana ni Veneranda. Alikuwa amesikia simulizi ile barazani kama watu wengine. Jioni moja, anapepeta mchele, akauliza yule mama alimfuta mtoto kwa kiganja au kwa mgongo wa mkono. Ambrosi akamwonyesha: mgongo wa mkono, hivi, bila kumtazama. Veneranda akaweka ungo chini. Akamtazama binti yao Tekla, aliyekuwa anakula mboga kwa mashavu yote mawili, akajitazama mkono wake mwenyewe.

"Nataka kumwona," akasema.

Ambrosi alidhani hakusikia vizuri. Akamkumbusha kwamba huko hakuna cha kuchukua. Veneranda akasema anajua, aliambiwa tangu siku ile.

Kiangazi kilichofuata walimwacha Tekla kwa shangazi yake huko Nzega, wakaenda stesheni. Tabora ilistahimili mengi, lakini hili liliipa taabu. Mtu wa kwetu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa kazi, au anapokimbia kodi. Majirani walipeleleza ni nani amekufa Kigoma. Padri aliuliza kwa upole kama ni hija. Karani wa tikiti, kijana mwenye tai, akamuuliza Ambrosi ametumwa na Bwana gani.

"Sikutumwa. Tunakwenda kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

"Mlimani. Kuna sokwe."

Karani akamgeukia Veneranda, macho yakiomba msaada, kama mtu anayetafuta ndugu wa mgonjwa. Veneranda akamwambia atoe tikiti mbili, wapo wenzao nyuma wanangoja.

Omari aliwapokea ufukweni. Aliamkiana nao vizuri, akapokea asali ya Tabora waliyomletea, kisha akawa anatazama majini nyuma yao. Akatazama mpaka Liemba ikapotea. Ndipo akauliza Bwana yuko wapi. Walipomwambia hakuna Bwana, aliwasha kiko na kuvuta mpaka kikazimika, asijue apange bei ya wageni au ya ndugu. Mwishoni akaamua kutokupanga.

Safari hii Ambrosi alivaa katambuga za mpira wa gari na hakubeba kiti. Veneranda alitangulia, mihogo ya kuchoma ndani ya khanga, akipanda kama anayepanda kwenda kuteka maji, na kila Ambrosi aliposimama kumweleza mahali fulani palipotokea jambo fulani, alikuta yuko mbali. Wakakaa chini ya mtini uleule. Tini hazikuwa zimeiva. Hapakuja mtu wala mnyama, isipokuwa siafu. Ambrosi akaona aibu ikimpanda, akaanza kueleza kwamba siku ile walikuwa wengi kweli, kwamba dume alikaa pale, kwamba labda upepo.

Omari akawaita kwa mkono kutoka ukingoni. Ng'ambo ya bonde, mbali sana, mti mmoja ulikuwa unatikisika pasipo upepo, na ndani yake mlikuwa na madoa meusi yanayopanda na kushuka. Mojawapo lilikuwa kubwa kuliko mengine, na ukikaza macho ungeweza kudhani lina kitu kimelishika kifuani. Ungeweza pia kudhani ni tawi. Ambrosi akaanza kufafanua kwamba bila shaka ni yuleyule mama, anamtambua kwa jinsi anavyokaa, na kwamba ukitazama vizuri utamwona mtoto ana—

"Nyamaza, Baba Tekla," Veneranda akasema taratibu. "Naangalia."

Akanyamaza. Veneranda aliketi kwenye jiwe, mkono umekinga jua, na hakusogea mpaka kivuli cha mlima kilipolifunika lile bonde na madoa yakawa hayatofautiani na majani. Kisha akafungua khanga, akagawa mihogo kwa wote watatu, akala wa kwake polepole.

Omari, ambaye alikuwa amejizuia tangu asubuhi, akauliza kwa adabu kama sasa wamemaliza shughuli iliyowaleta.

"Bado," Veneranda akajibu. "Kesho tunapanda tena."